Paa Lililotobolewa: Somo juu ya Watoto Wenye Usonji



Katika Injili ya Marko, sura ya 2, twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza hata nyumba aliyokuwamo Bwana Yesu. Mlango ulikuwa umezibwa na watu. Je, walimrudisha nyumbani angoje hata aweze kupita kama wengine? La, walilitoboa paa.

Naandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kuuziba mlango. Mama mmoja aliniletea mwanawe katika mafundisho ya kipaimara. Mtoto hakunitazama usoni. Maneno yangu aliyarudia pasipo kuyajibu, na kengele ilipolia aliziba masikio akapiga kelele. Nikamwambia, "Mama, umrudishe kwanza, hata atulie." Akajibu, "Haya, Baba Mchungaji," akaenda zake, asije tena.

Baadaye nilijifunza ya kuwa hali ile huitwa usonji. Mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Kisha kwa miaka mingi wataalamu wengine waliwalaumu wazazi, eti hawakuwapenda watoto wao. Fundisho hilo limekwisha kukataliwa. Usonji watokana na jinsi ubongo unavyokua, na urithi wa damu una sehemu kubwa. Si pepo, si laana, wala si malezi mabaya. Tena watoto hawa hawafanani: mmoja hasemi kabisa, mwingine asoma upesi kuliko wenzake.

Huko Irente, Lushoto, Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ina shule iitwayo Rainbow, iliyofunguliwa mwaka 2005 kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Lakini wengi wakaa mbali na shule ya namna hiyo. Basi yatupasa kuyatengeneza madarasa yetu.

Mwalimu na afanye hivi:

1. Aonyeshe mapema, kwa picha zilizopangwa, mambo yatakayofuata: wimbo, sala, somo, kwenda nyumbani. Badiliko la ghafula huwatisha wengi wao.

2. Atumie maneno machache yaliyo wazi, kisha angoje jibu. Akisema, "Fungua moyo wako," aeleze maana yake.

3. Ampe mtoto mahali pa kimya, mbali na ngoma na kengele.

4. Asimshurutishe kutazama uso. Aweza kusikia huku akitazama chini.

5. Asiyesema, aonyeshe jibu kwa picha.

Zaidi ya yote, amwulize mzazi, maana ndiye amjuaye.

Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Sasa mtoto huja, naye hukaa karibu na dirisha. Sala ya Bwana aijua yote.

Maswali ya kujiuliza: Katika mtaa wako, ni mtoto yupi asiyeonekana darasani? Ni nani aliyemrudisha? Ni nani atakayemwendea juma hili?