Mama anafungua kesho, tumpe nini?

Swali: Daktari, mama amefunga kwa maombi siku 12, kwa maji matupu. Kesho anafungua, nasi tumemwandalia pilau. Kuna ubaya?

Jibu: Pilau isubiri, mwanangu. Mpelekeni mama hospitali kabla hajafungua. Aliyepitisha siku 10 bila chakula yumo hatarini, na hatari yenyewe huja anapoanza kula. Wanga na sukari hupandisha insulini ghafla, nayo husukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Madini hayo yakishuka mno, moyo unaweza kusimama. Mwaka 1945 baadhi ya wafungwa waliokombolewa kwenye kambi za Wanazi walikufa baada ya kupewa chakula kingi. Inaniuma kila nikikumbuka, maana waliowalisha waliwahurumia.

Hospitali watampima damu, watampa vitamini B1 kabla ya chakula, kisha wataanza na kidogo sana: takriban kalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wakiongeza polepole kwa siku 4 hadi 7. Soda na juisi msimpe kabisa. Akivimba miguu, akichanganyikiwa au moyo ukimwenda mbio, mrudisheni saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.