Namna ya Kuchora Upya Mipaka ya Zamani ya Wilaya za Kenya

Kaunti 47 za Kenya ni kongwe kuliko Katiba ya mwaka 2010, kwa kuwa Jedwali la Kwanza la Katiba hiyo lilifuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka 1992, na wilaya hizo nazo zilirithi mistari iliyochorwa, ikafutwa na kuchorwa tena tangu Uingereza ilipoitangaza nchi hii kuwa himaya yake, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa dola nyingine, mwaka 1895. Kwa hiyo anayetaka kujua mpaka wa kaunti yake ulitoka wapi hana budi kurudi nyuma ya ramani zinazouzwa madukani leo.

Jambo la kwanza analopaswa kulishika ni kwamba mpaka wa kiutawala huwa maneno kabla ya kuwa mstari. Serikali ya kikoloni ilipounda au kubadili wilaya ilitoa tangazo katika Gazeti Rasmi, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, na tangazo la namna hiyo huusimulia mpaka kama safari: huanzia kwenye makutano ya mito miwili, hupanda na mkondo hadi chimbuko, hukata moja kwa moja hadi kilele cha kilima kilichotajwa kwa jina, kisha huteremka hadi kwenye reli. Mchoraji aliyeketi ofisini aliyafasiri maneno hayo, na fasiri yake ingeweza kukosea. Panapokuwa na hitilafu kati ya tangazo na ramani, mtafiti mwangalifu huanza na tangazo, isipokuwa pale ambapo tangazo lenyewe linasema kwamba mpaka ni ule uliochorwa katika ramani iliyoambatishwa, kwa maana hapo ramani imekuwa sehemu ya sheria.

Kusoma matangazo hayo kunadai kujua majina ya zamani. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye, na Ziwa Rudolf limeitwa Turkana tangu mwaka 1975. Wilaya iliyoitwa North Kavirondo ilikusanya eneo ambalo leo limegawanywa kati ya kaunti kadhaa, zikiwemo Kakamega, Vihiga na Bungoma, kwa hiyo atakayetafuta neno Vihiga katika orodha ya wilaya za miaka ya 1930 atatoka mikono mitupu. Mito nayo huhitaji tahadhari, kwa sababu mto wa nyanda tambarare kama Tana ya chini huhama, na mkondo unaoonekana leo katika picha za setilaiti huenda usiwe ule uliokusudiwa na mwandishi wa tangazo.

Kila mstari unaochorwa uandikiwe tarehe mbili, ya kuanza na ya kukoma. Ramani ya mipaka isiyo na tarehe haina manufaa kwa historia. Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mkoa wa mashariki wa nchi hiyo ulipohamishiwa upande wa Kenya. Jubaland ilikabidhiwa Italia mwaka 1925. Eneo la Turkana lilitoka Uganda mwaka 1926. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, na Bomet kutoka Kericho mwaka huohuo. Baada ya hapo wilaya ziliongezwa kwa wingi, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2009 kwamba zilizoundwa baada ya sheria ya 1992 hazikuwa na msingi wa kisheria. Ramani ya wilaya ya mwaka 2008 yaweza kuwa sahihi kama picha ya utawala wa siku zile, lakini si mzazi wa kaunti za leo.

Kosa linalowanasa wengi hutokea mezani, wakati karatasi ya zamani inapohamishiwa katika kompyuta. Karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita, zilitengenezwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, yaani kadirio la umbo la dunia lililotumiwa Afrika Mashariki, ilhali vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine uitwao WGS84. Asiyebadilisha msingi huo katika programu yake ataukuta mpaka umesogea kwa takriban mita 300 kaskazini au kusini, ambazo katika karatasi ile ni milimita 6 tu, lakini uwandani zatosha kuhamisha soko, shule au kisima kutoka kaunti moja hadi nyingine. Hata bila kosa hilo, mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 25 za ardhi, na mchoraji mwaminifu huandika kiwango hicho cha shaka pembeni mwa ramani yake.

Kazi hii ina uzito kwa sababu watu wanaishi juu ya mistari hiyo. Maseno hugombewa na Kisumu na Vihiga, Mackinnon Road na Kwale na Taita Taveta, na Nyahururu, iliyokuwa makao makuu ya wilaya ya Nyandarua, iko katika Kaunti ya Laikipia. Taarifa za kila mwaka za wakuu wa wilaya, zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, husaidia kueleza jinsi hali hizo zilivyotokea, na yafaa zisomwe pamoja na kumbukumbu za wazee wa pande zote mbili za mpaka, si wa upande mmoja. Hata hivyo, ramani iliyochorwa vizuri haibadilishi mpaka: Kifungu cha 188 cha Katiba kinadai pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti.