KUTOKA KURASA ZA RIWAYA HADI RUNINGA

Wengi wenu mlikuwepo ukumbini mwaka jana chama chetu kilipoigiza kile kisa cha askari kilichotolewa katika hadithi fupi. Mliona yaliyotupata. Askari mwenyewe nilikuwa mimi. Mwandishi wa hadithi alikuwa amejaza kurasa mbili na mawazo ya askari huyo usiku wa lindo, nasi tukayachukua yote jinsi yalivyo, tukayafanya uzungumzi nafsi. Nikasimama jukwaani na bunduki yangu ya ubao nikasema, nikasema, nikasema. Kidato cha Kwanza wakaanza kupiga miayo. Kisha mtu fulani huko nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani huyu adui anakuja lini?" Mengine mnayajua.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mambo yaliyo ndani ya kichwa cha mhusika hupelekwaje mbele ya macho ya watu?

Likizo ya Desemba nilienda kwa mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu ambaye hana maneno mengi lakini anapenda sana riwaya za vita. Alikuwa anamaliza kusoma The Terminal List ya Jack Carr, Mmarekani aliyekuwa askari wa kikosi maalumu cha wanamaji wa nchi yake kabla ya kushika kalamu. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 2018. Mnamo Julai 2022 ikatolewa kuwa mfululizo wa runinga wa vipindi 8, na binamu yangu alikuwa nao kwenye flashi. Basi mjomba alikuwa na kitabu, mimi nina filamu, tukabishana wiki nzima.

Kisa ni hiki. James Reece ni kamanda ambaye kikosi chake kinavamiwa na wenzake kuuawa. Anaporejea nyumbani, mkewe Lauren na binti yake Lucy nao wanauawa. Anagundua kuwa ni njama ya wakubwa, anaandika orodha ya wote waliohusika na kuanza kuwawinda mmoja mmoja. Mwisho sitausema, wengine hamjaona.

Kuna mabadiliko madogo madogo. Kwa mfano uvamizi kitabuni unatokea Afghanistan, na kwenye runinga ni Syria. Hayo si kitu. Badiliko kubwa liko kichwani mwa Reece, ambaye ana uvimbe kwenye ubongo. Msimulizi wa riwaya anaingia popote apendapo, hata ofisini mwa wabaya wenyewe, kwa hivyo msomaji anajua mapema kwamba Reece hakukosea. Taharuki ni moja tu: atawapataje? Lakini kamera haiwezi kuingia ndani ya fuvu la mtu. Ingebidi Reece azungumze peke yake kama mimi na bunduki yangu ya ubao! Wale waandishi wakiongozwa na David DiGilio wakaona njia nyingine. Wakaifanya kumbukumbu yake ichanganyike. Anachezewa sauti zilizorekodiwa vitani na haziafikiani na anavyokumbuka yeye. Yuko mahali pengine kabisa, mara yuko nyumbani na mtoto wake. Hii ni mbinu rejeshi tunayofundishwa darasani, ila hapa mtazamaji haambiwi lipi ni la kweli. Kumbe wewe uliyeketi kwenye kiti unaumwa kichwa kilekile!

Mjomba hakupenda. Alisema Reece wa kitabuni akili yake ni wembe, na hawa wamemfanya mtu wa kuhurumiwa. Nami nakubali kwamba picha za nyumbani zinarudiwa mno, hata kipindi cha tatu mjomba alisinzia. Lakini usiku mmoja, Reece alipokuwa anashtuka-shtuka hivi, mjomba aliniambia bila kunitazama, "Hilo la kuchanganya leo na jana ni kweli." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Tangu arudi kutoka Somalia sikuwahi kumsikia akisema neno kuhusu kazi yake, na sikumwuliza zaidi.

Kitu kilichovuka bila kubadilishwa ni ile orodha. Reece anaiandika nyuma ya picha aliyochorewa na Lucy. Upande mmoja mchoro wa mtoto, upande wa pili majina ya watu wa kufa. Kitabuni inahitaji sentensi kadhaa, kwenye runinga ni mkono, kalamu na karatasi, basi. Hakuna anayehitaji kutuambia kwamba ana uchungu.

Kilichopotea ni mistari myeusi. Mjomba alinionyesha sehemu za kitabu zilizofutwa kwa wino nikadhani ni kosa la mpiga chapa. Kumbe Idara ya Ulinzi ya Marekani ilikagua mswada, ikaficha ilichotaka, naye Carr akaacha weusi ule uonekane. Runinga haina pa kuuweka. Badala yake ina miili ya watu: Jared Shaw, anayeigiza Boozer, aliwahi kuwa askari wa kikosi hichohicho, na ndiye aliyempa Chris Pratt kitabu hicho. Pratt ndiye Reece. Ukiwatazama wanavyoingia mlangoni utaona kwamba kurasa nyingi za maelezo ya silaha zimeingia mikononi na miguuni mwao.

Aidha, rafiki wa Reece aitwaye Ben Edwards alipendwa hata akapewa mfululizo wake, Dark Wolf, mwaka wa 2025, usiotokana na riwaya yoyote.

Sasa, kisa chetu tumekiandika upya. Zile kurasa mbili za mawazo zimeondolewa zote. Askari anatoa daftari la hesabu la mwanawe, analisahihisha kwa kurunzi, kila akisikia kishindo anaizima, halafu anaanza hesabu ileile tena. Hasemi neno. Mwalimu mlezi anaona ni fupi mno, nami nimemwomba atuache tujaribu Ijumaa moja tu. Anayetaka kuwa askari aje chumba cha Kidato cha Tatu baada ya masomo. Safari hii mimi nitavuta pazia.