Vidokezo kwa anayekaribia kustaafu: pitia fedha, afya na nyumba ukiwa bado kazini

Mtumishi wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa kawaida hulazimika kustaafu akifika 60. Kwa hiyo tarehe inajulikana tangu siku ya kuajiriwa, lakini wengi huanza kuishughulikia barua ya kustaafu ikishafika mkononi. Wakati huo mambo mengi yameshakuwa magumu. Benki haikukopeshi tena kwa dhamana ya mshahara, ofisa utumishi aliyekufahamu amehamishwa, na barua yako ya ajira ya kwanza haijulikani iko masijala gani. Kama umebakiza miaka mitatu hadi mitano, wakati wako ni huu. Nimeanza na hesabu ya mwezi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo itakayoamua utatibiwa vipi na utaishi wapi.

1. Ijue pensheni ya mwezi kabla ya kuuliza mkupuo

Maofisini, habari za kustaafu ni habari za kiinua mgongo, yaani ule mkupuo: utapata milioni ngapi, utanunua nini. Swali linalobeba maisha ni lingine: kila mwezi zitaingia shilingi ngapi?

Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye simu. Chukua idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, kisha zidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka mzima. Sehemu yake huzidishwa mara 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na inayobaki hugawanywa kwa miezi 12.

Tumchukue mwalimu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni kama 620,700 kwa mwezi. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kilitenga asilimia 33 kwa ajili ya mkupuo: angepata milioni 30.7 na pensheni ya takribani 415,900 kila mwezi. Kisha katika bajeti ya 2024/25 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakilipwa 25. Kwa asilimia 40, mwalimu wetu anaondoka na milioni 37.2, ila pensheni inashuka hadi kama 372,400.

Ile milioni sita na nusu iliyoongezeka ilishangiliwa, na naelewa kwa nini. Lakini angalia pia zile 43,000 na ushee zinazopungua kila mwezi. Baada ya miaka 12 na nusu makato hayo yanakuwa yameimaliza nyongeza yote, na mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 hapo ana 72 na nusu. Wazazi wake wakiwa ni watu wa kufika 80 na zaidi, naye ajiandae hivyo. Kwa hiyo mkupuo huo uwekwe mahali utakapomletea kitu kila mwezi, kuziba pengo lile.

Jambo moja zaidi hapa: pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180. Aliyeingia kwenye ajira rasmi akiwa amechelewa, au mwajiri wake alikata michango bila kuipeleka, aijue idadi yake leo. Mwajiri aliye hai na ofisi yake wazi anaweza kubanwa. Aliyekwishafunga kampuni utamtafuta wapi?

2. Ishi kwa pensheni ukiwa bado na mshahara

Ukishaipata namba, ijaribu. Kwa miezi mitatu mfululizo, matumizi yote ya nyumbani yatoke kwenye kiasi hicho tu, na kinachozidi kiende akiba. Utaona mwenyewe kinachovuja: vocha, michango ya harusi, mafuta ya gari la kwendea kazini, ada ya mtoto wa ndugu. Mengine yatakufa yenyewe ukistaafu, kama nauli. Mengine yatakufuata, na hayo ndiyo ya kuzungumza na wahusika mapema, kwa heshima, ili binamu asisikie habari za ada siku ya kufungua shule.

3. Usistaafu na deni

Mtumishi hukatwa mikopo mpaka anabaki na theluthi ya mshahara, na theluthi hiyo akaizoea. Akistaafu, deni lililobaki linaanza kuutafuna mkupuo kabla hajaushika. Mkopo wowote unaouchukua sasa, marejesho yake yaishe walau mwaka mmoja kabla ya tarehe yako. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, usiiguse kabisa, hata kwa wiki moja. Na kama umemdhamini mtu kwenye SACCOS, ulizia amebakiza kiasi gani, kwa sababu akishindwa yeye utatafutwa wewe.

4. Jina moja, tarehe moja

Toa kwenye kabati kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha mwisho na kadi ya benki. Vitandaze mezani, usome jina herufi kwa herufi. Huku Mwanaidi, kule Mwanahidi. Huku majina matatu, kule mawili. Tarehe ya kuzaliwa huku Julai mosi, kule Januari. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyomrudisha mstaafu ofisini mwezi baada ya mwezi, kwa nauli yake mwenyewe, wakati mafao yamekaa. Hati ya kiapo ya kusahihisha jina ni kazi nyepesi kwako ukiwa bado mjini na una mwanasheria wa karibu.

Vilevile hakikisha orodha ya wategemezi wako kwenye mfuko wa pensheni ni ya leo. Wapo wenye mwenza waliyeachana naye miaka mingi bado ameandikwa pale, na mtoto wa mwisho hayumo.

Kama uko PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, jizoeshe programu yao ya simu ya PSSSF Kiganjani kabla hujaihitaji. Uhakiki wa wastaafu siku hizi unafanyika kwa simu janja, na asiyejua kuitumia anabaki akimsubiri mjukuu arudi likizo.

5. Pima kila kitu wakati bima ya kazini ingalipo

Hapa naomba usiahirishe. Presha na kisukari vinaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka, na ukiviona vimekwishagusa figo, moyo au macho. Presha inayosoma 140 kwa 90 na kuendelea kwa vipimo vya siku tofauti ni ya kutibiwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L na kurudia hivyo, ni kisukari.

Wanaume, zungumzeni na daktari kuhusu tezi dume: kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, na mkojo unaotoka kwa shida, si mambo ya kukaa nayo kimya kwa kuona haya. Wanawake, kipimo cha shingo ya kizazi na matiti, hata kama uzazi ulishafungwa zamani. Wote, macho. Presha ya macho huondoa uoni kidogo kidogo kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho, kwa upande wake, hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Meno nayo yashughulikiwe sasa, maana kula ugali na nyama kwa ufizi ni mateso.

Ukipewa dawa za kila siku, andika bei yake ya mwezi chini ya ile namba ya pensheni. Dawa za presha ukizikatiza kwa kukosa hela zinaweza kukuletea kiharusi, kwa hiyo ziwe mstari wa kwanza kwenye bajeti, juu ya king'amuzi na hata juu ya mchango wa kikoba.

Nenda pia ofisi ya bima yako uulize, upewe kwa maandishi: nikistaafu nabaki mwanachama kwa masharti gani, mwenza wangu yumo, na wale watoto je? Serikali ina sera ya kuwatibu bure wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ni msaada wa kweli, lakini mwenye uwezo wa kujiandaa asiufanye kuwa mpango wake wa kwanza.

6. Tembea

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo. Ni nusu saa, siku tano. Ongeza kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, kwa sababu nguvu ya mapaja ndiyo inayomwokoa mtu mzima asianguke.

7. Biashara ya kwanza ya maisha yako usiianze kwa mkupuo

Mtu aliyefundisha kemia miaka 30 ananunua Hiace mbili au kuku elfu moja wa nyama, na kabla ya mwaka kuisha anauza vyuma chakavu. Kama unaupenda ufugaji, anza leo na kuku hamsini, kwa hela ya mshahara, uone kideri kinavyopita bandani na soko linavyoyumba mwezi wa Ramadhani na Krismasi. Miaka mitatu ya kujaribu kwa kidogo itakuambia kama ni kazi yako.

Sehemu kubwa ya mkupuo ikae mahali tulivu. Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000, riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita, na muda wake ni kati ya miaka 2 na 25. Ukibanwa kabla ya muda kuisha, inaweza kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo mmojawapo, wa Umoja, ulianza mwaka 2005, inapokea kiasi kidogo na kutoa fedha ndani ya siku chache. Nunua kidogo sasa, ili siku ya fedha nyingi njia uwe unaijua.

Anayekuahidi hela mara mbili baada ya wiki chache, mkimbie. DECI, mpango wa upatu, ilifungwa na serikali mwaka 2009 baada ya watu wengi "kupanda mbegu" zao humo, na tangu hapo ahadi zilezile zimerudi kwa majina mapya. Wastaafu hulengwa kwa sababu inajulikana wamepokea lini.

8. Anza na bafu

Wengi wetu tunastaafu na boma lisiloisha. Usilazimishe vyumba sita. Maliza chumba kimoja cha kulala, jiko, choo na bafu, uhamie, sebule itakungoja. Lakini hiyo sehemu ndogo ijengwe kwa ajili ya mwili wa miaka 80.

Vigae vya bafuni viwe vya kukwaruza, maana vile vinavyong'aa vikiguswa na maji ya sabuni havimsamehi mtu. Weka bomba la chuma la kushikilia kando ya choo na mahali pa kuogea, lifungwe kwenye tofali lenyewe. Kwenye lipu tu litang'oka siku utakayolihitaji. Choo kiwe cha kukaa. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, na ufunguke kwa nje, kwani aliyeanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani anaweza kuuziba kwa mwili wake. Taa ya korido iweze kuwashwa kutoka kitandani. Mzee akivunjika nyonga kwa kuteleza, gharama na maumivu yake yanazidi mno bei ya bomba hilo.

Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hiyo haitakusahau. Kodi ya pango la ardhi ndiyo ya kuikumbuka mwenyewe, na hati ya kiwanja iwe kwa jina lako, si la marehemu baba.

9. Kijijini au mjini?

Kabla ya kuhama, kakae huko mwezi mzima, tena wa masika. Pima hospitali yenye vipimo iko umbali gani, wakala wa benki yuko wapi, barabara inapitika au la, na ni nani wa rika lako bado yuko hai wa kuzungumza naye jioni. Mwenza wako naye aulizwe kwa dhati. Kwenu si lazima kuwe kwao.

10. Andika wosia, mwambie mtu ulipo

RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, husaidia kuuandika na huutunza. Kwa anayefuata sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali na hauendi kwa mrithi, hivyo pata ushauri wa sheikh au kadhi kwanza. Ambatanisha orodha ya namba za akaunti, hatifungani, viwanja, madeni unayodai na unayodaiwa. Nakala ikae na mtu mmoja unayemwamini, na mwenza wako ajue huyo ni nani.