Usiitupe awamu: kusoma maji ya pwani kwa waveleti

Mvuvi wa pwani haulizi tu maji yatajaa kiasi gani. Anauliza pia yatajaa saa ngapi. Wengi wetu tunapochambua vipimo vya kina cha bahari kwa waveleti tunalijibu swali la kwanza peke yake: tunachora picha ya rangi inayoonyesha nguvu ya mawimbi, na ile nusu ya jibu inayotaja wakati tunaitupa.

Waveleti ni kiwimbi kifupi kinachoanza taratibu, kikavimba, kikafa. Unakipitisha juu ya vipimo vyako, saa baada ya saa, uone vinalingana wapi. Kile cha Jean Morlet, mtaalamu wa Ufaransa aliyechambua mitetemo ya ardhi katika kutafuta mafuta, kina nusu mbili zinazoandamana, moja nyuma ya nyingine kwa robo ya mzunguko. Ndiyo maana kila jibu lake ni namba changamano, yenye sehemu halisi na sehemu dhahania. Urefu wa namba hiyo ni ukubwa wa wimbi. Pembe yake ndiyo awamu.

Chukua vipimo vya kila saa kutoka hori lenye mikoko. Wimbi kuu la mwezi huzunguka kwa saa 12.42, basi kiweke kiwimbi kwenye muda huo. Tuseme saa nne kamili asubuhi sehemu halisi ni 90 na dhahania ni 90. Pembe ni nyuzi 45, moja ya nane ya mzunguko, sawa na dakika 93 tangu maji yajae. Kwa hiyo yalijaa saa mbili na dakika 27. Tumia atan2 kupata pembe hiyo. Tanjenti kinyume ya kawaida haitofautishi nyuzi 45 na 225, na hapo maji yanayokupwa utayaona sawa na yanayojaa.

Kabla ya hapo, ijaribu programu yako kwa kosine tupu. Awamu iwe sifuri kwenye kilele, kisha ipande kadiri muda unavyokwenda. Ikishuka, geuza alama ya sehemu dhahania. Programu hazifuati desturi moja, na kosa hili halijionyeshi kwenye picha ya nguvu.

Ukiwa na kipimo kimoja mlangoni mwa hori na kingine ndani ya mikoko, zidisha namba ya mlangoni kwa ile ya ndani iliyogeuzwa alama ya sehemu dhahania. Pembe ya jibu ni tofauti ya awamu. Ikiwa nyuzi 12, ndani maji huchelewa kama dakika 25. Jumlisha namba hizo kwa siku nyingi kwanza, ndipo usome pembe. Pembe hazipigiwi wastani kama bei za samaki: 350 na 10 zitakupa 180, yaani maji yamekupwa, ilhali zote mbili zinasema yamejaa.

Awamu ikifika 180 huruka hadi -180. Ongeza 360 kila inaporuka, upate mstari unaopanda. Mwinuko wa mstari huo ndio mwendo wa maji. Wakati wa bamvua huwa mkali kidogo, wakati wa maji mafu hulegea, kwa sababu wimbi la jua la saa 12 huvutana na la mwezi. Ndiyo maana siku za maji mafu kujaa huchelewa zaidi kutoka siku hadi siku. Lakini ndizo siku ambazo wimbi ni dogo, na pembe ya namba ndogo huyumbishwa na kelele yoyote. Weka kiwango cha chini cha ukubwa, usisome awamu chini yake. Saa 17 za mwanzo na za mwisho ziache pia. Huko kiwimbi kimetoka nje ya vipimo.

Ninachokithamini zaidi kiko kwenye wimbi la saa 6.21, linalozaliwa maji yanapokwaruza kina kifupi. Kutoka kwenye awamu yake toa mara mbili ya awamu ya wimbi kuu. Jibu likiwa kati ya 0 na 180, maji hujaa haraka na kupwa polepole, na mkondo wa kuingia, ukiwa na nguvu zaidi, huelekea kusukuma mchanga ndani ya hori. Likiwa kati ya 180 na 360, kupwa ndiko kwa haraka, na mchanga huelekea kutoka.