Pweza na Mipaka ya Vijiji

Mara mbili kila mwezi, jua, mwezi na dunia vinapokaa karibu katika mstari mmoja, bahari hupwa kupita kiasi cha kawaida. Watu wa mwambao hukiita kipindi hicho bamvua. Miamba ya matumbawe ambayo siku nyingine hufunikwa na maji hubaki wazi kwa saa chache, na wanawake, wazee na vijana hushuka na fimbo zenye ncha kuchokoa pweza mapangoni. Kazi hiyo haihitaji chombo, wavu wala mtaji. Ndiyo sababu pweza ni riziki ya mtu asiye na mali. Na ndiyo sababu pia kila mtu aweza kumvua, awe wa kijiji hicho, wa kijiji jirani, au mvuvi wa dago aliyefuata upepo kutoka mbali.

Makala haya yanachunguza swali moja. Kijiji kikiamua kupumzisha mwamba wake kwa miezi michache ili pweza wakue, faida inayopatikana humwendea nani? Jibu lina sehemu ya bayolojia na sehemu ya mapatano ya watu, na ya pili haieleweki vizuri bila ya kwanza.

Maisha mafupi

Pweza anayevuliwa zaidi katika miamba ya Afrika ya Mashariki ni yule ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea. Si samaki, ni moluska, ndugu wa ngisi na, kwa mbali zaidi, wa konokono na chaza. Ana mioyo 3, na damu yake ni ya samawati kwa kuwa kinachobeba oksijeni ndani yake ni protini yenye madini ya shaba, si ya chuma kama katika damu ya binadamu. Mambo hayo huwafurahisha wanafunzi darasani, lakini kwa mvuvi lililo kubwa ni jingine: pweza huishi kwa muda mfupi na hukua upesi sana. Umri wake wote ni kama mwaka mmoja au mmoja na nusu, na katika muda huo hutoka katika udogo wa punje hadi uzito wa kilo kadhaa.

Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia pangoni, hutundika mayai yanayofikia mamia ya maelfu, huyapepea kwa maji safi na kuyalinda kwa wiki kadhaa bila kula. Mayai yanapoanguliwa, mama hufa. Watoto hawabaki pangoni. Huelea katika maji ya wazi kwa wiki kadhaa nyingine, wakichukuliwa na mikondo, kabla ya kushuka kwenye mwamba na kutafuta pango lao. Katika pwani ya Tanzania mkondo mkubwa huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo mayai yaliyoanguliwa Kilwa yaweza kabisa kuwa kitoweo cha Mafia.

Hapa hapana budi kutenganisha faida mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni faida ya ukuaji: pweza mdogo aliyeachwa leo huvuliwa baadaye akiwa mzito. Faida hiyo hubaki papo hapo, kwani pweza aliyekwisha kutua mwambani hahami mbali. Ya pili ni faida ya uzazi: jike aliyeachwa hutaga, lakini watoto wake huenda kwa wengine. Husemwa mara nyingi kwamba mwamba hufungwa “ili pweza wazaliane”. Kwa kufunga kwa miezi miwili au mitatu, usemi huo una matumaini zaidi kuliko ushahidi. Kinachoonekana kikapuni siku ya kufungua ni hasa matunda ya ukuaji.

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu. Mwamba una pweza 100, kila mmoja gramu 500, yaani jumla ya kilo 50. Tuseme kila mmoja huongeza uzito maradufu kwa miezi 2, na katika miezi hiyo 30 katika kila 100 hufa au huliwa na mikunga. Baada ya miezi 2 watabaki 70 wa kilo 1 kila mmoja: kilo 70. Baada ya miezi 4 watabaki 49 wa kilo 2: kilo 98. Lakini mstari huo haupandi daima. Majike wakifikia umri wa kutaga huacha kula, hukonda na kufa, na mwamba uliofungwa mno hupoteza ulichokuwa umeweka akiba. Kwa hiyo, kwa upande wa ukuaji peke yake, kufunga kwa mwaka mzima si lazima kuzidi kufunga kwa miezi michache.

Sasa mtu mmoja kutoka kijiji cha pili aingie usiku katika mwezi wa kwanza. Kwake kilo 50 za leo ni bora kuliko kilo 98 ambazo watavuna wengine. Wenye mwamba nao, wakimwona, hawana sababu ya kuendelea kungoja.

Yaliyotokea Madagaska

Jambo hili lilijaribiwa kusini-magharibi mwa Madagaska, katika nchi ya Wavezo, watu ambao maisha yao yote ni bahari. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kikisaidiwa na watafiti, kilifunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi kadhaa. Habari za pweza wakubwa zilienea upesi kuliko pweza wenyewe, na wavuvi wa vijiji vingine wakamiminika mwamba ulipofunguliwa. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya 20 vya sehemu hiyo viliungana katika chama kiitwacho Velondriake, maana yake kuishi na bahari. Vilipatana juu ya miamba ya kufungwa, tarehe na adhabu, na kuyatia mapatano hayo katika dina, sheria ya kimila ambayo serikali ya Madagaska huitambua.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulipima vipindi 36 vya kufunga miamba katika eneo hilo kati ya 2004 na 2011. Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliovuliwa walizidi wale wa siku 30 kabla ya kufunga kwa asilimia 718. Hata hivyo, pato la mvuvi mmoja kwa siku liliongezeka kwa asilimia 87 tu. Mwanafunzi aulizwe hapo: kwa nini tarakimu hizo zinaachana hivyo? Jumla imekuwa takriban mara 8.2 na pato la mtu mara 1.9, ukigawanya ya kwanza kwa ya pili utaona kwamba uvuvi wenyewe ulikuwa zaidi ya mara 4. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na wingi wa wavuvi, si wa pweza peke yake. Umati huo ukitoka vijiji vilivyoshiriki kungoja, ni mavuno. Ukitoka kwingine, ni hasara kwa waliongoja.

Mapato ya vijiji hayakushuka sana wakati wa kufunga, kwa kuwa kilichofungwa kilikuwa sehemu ndogo tu ya eneo la uvuvi. Hilo lisisahauliwe na wanaopanga mipango. Mama anayechokoa pweza kwa mguu hawezi kwenda mwamba wa mbali. Akifungiwa ule wa karibu, ni yeye anayelipa gharama ya akiba ya kijiji kizima.

Katika kisiwa cha Rodrigues, Mauritius, uvuvi wa pweza ulifungwa kote kisiwani kwa miezi 2 mwaka 2012. Kisiwa kimoja chenye serikali moja ni rahisi zaidi.

Tanga

Tanzania ilikuwa na somo lake kabla ya hapo, ingawa halikuhusu pweza peke yake. Mwaka 1994 ulianzishwa mkoani Tanga mpango wa hifadhi na maendeleo ya mwambao, kwa msaada wa Ireland na ushauri wa shirika la kimataifa la IUCN. Wilaya za pwani wakati huo zilikuwa Muheza, Tanga na Pangani. Waliohusika walitambua mapema kwamba mpaka wa kijiji ni mstari wa nchi kavu, na mwamba mmoja huvuliwa na vijiji vingi. Pwani ikagawanywa katika maeneo 6 ya usimamizi wa pamoja. Majina ya mengi yana ncha mbili, kama vile Boza–Sange, Mkwaja–Sange na Mwarongo–Sahare, kwa sababu kila eneo lilikuwa kipande cha pwani, si kijiji. Vijiji vya eneo moja vilikubaliana miamba ipi ifungwe na doria ifanywe vipi.

Adui mkubwa alikuwa baruti. Mlipuko huua wadogo kwa wakubwa na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Milipuko ilipungua sana mwanzoni; katika miaka ya 2000 ilirudi kusikika. Mapatano ya wanakijiji hayamshiki mtu asiyekuwa mwanakijiji, na doria ya mtumbwi haiwezi kumkimbiza mwenye mashine. Kwa jambo hilo dola haina mbadala.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 iliviweka vikundi vya wavuvi, vijulikanavyo zaidi kama BMU, katika mfumo wa nchi, na vikundi vya vijiji jirani vyaweza kuungana kusimamia eneo moja la uvuvi, kama ilivyofanyika Kilwa, Mafia na Rufiji. Lililobaki gumu ni dago. Mvuvi anayehama na misimu ya kusi na kaskazi si mwanachama wa kikundi chochote kati ya hivyo, lakini hula katika miamba yote.

Shule iliyo karibu na pwani inaweza kulipima jambo hili. Wanafunzi waende dikoni siku 3 za bamvua kwa miezi 4 mfululizo, wapime uzito wa kila pweza, waandike ametoka mwamba gani na mvuvi ametoka kijiji gani. Pweza wa chini ya gramu 500, ambao kanuni za Tanzania zinakataza kuvuliwa, wahesabiwe peke yao. Kisha wachore grafu mbili: ya uzito kwa mwezi, na ya idadi ya wavuvi wageni kwa mwezi, na waziwekee juu ya karatasi moja.