Maneno ya Ujasiri na Uadilifu: Yafunge kwenye Tendo la Mtu

Wadogo zangu, leo tuzungumzie Kiingereza, lakini siyo kile cha kuagiza chakula au kuuliza njia. Kuna maneno ambayo wengi wenu mnayakariri usiku wa mtihani na kuyasahau kabla matokeo hayajatoka: "courage", "honesty", "integrity". Ni maneno ya ujasiri, ukweli na uadilifu. Mtayahitaji siku ya kuandika insha, siku ya usaili wa kazi, na siku ya kumtetea mtu anayeonewa mbele ya watu wasiojua Kiswahili.

Ushauri wangu ni mmoja: msiyajifunze kwa orodha. Kila neno lifunge kwenye tendo la mtu. Meza unaweza kuigusa, hivyo jina lake linakaa kichwani. Uadilifu hauguswi, unauona pale tu mtu anapotenda.

Tuanze na ujasiri. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi katikati ya Nairobi. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kuupinga. Akatukanwa hadharani, hata bungeni akasemwa vibaya, lakini hakunyamaza. Mpango ukafa. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa msimulie kwa Kiingereza. "She was brave." "She showed great courage." "She stood up for the park." "She stood up to powerful men." Hebu tazama hizo mbili za mwisho: "stand up for" ni kutetea, "stand up to" ni kumkabili mtu bila woga. Kwenye orodha zitakuchanganya kila siku. Ukimkumbuka Wangari, unajua alitetea nini na alimkabili nani. Na usiandike "She is courage". Hiyo "courage" ni ujasiri wenyewe. Mtu huwa "brave" au "courageous".

Tuje kwenye ukweli. Umempa konda noti ya elfu kumi ukidhani ni elfu tano, naye akakuita na kukurudishia chenji yote. Huyo ni "an honest man". Herufi h haisikiki, ndiyo maana tunatanguliza "an". Sisi husema kweli na husema uongo, lakini Waingereza hutumia "tell" kwa yote mawili: "tell the truth", "tell a lie". Kuvunja ahadi kunafanana kabisa na kwetu, "break a promise", ila kuitimiza ni "keep a promise". Maneno haya yana wenzake wa kudumu, kwa hiyo yaandike pamoja na wenzake kwenye daftari lako.

Je, "integrity"? Mfikirie mweka hazina wa kikoba ambaye hakuna anayemkagua, mwenye shida zake nyumbani, na bado hela za wanachama hazipungui hata shilingi. Konda alikuwa mkweli siku ile. Mweka hazina huyu ni mwadilifu siku zote, awe anaonekana au haonekani. Ukishamjua mtu wa namna hiyo, hutayachanganya tena maneno haya mawili.

Kinyume chake nacho kijifunze palepale: "honest" na "dishonest", "loyal" na "disloyal", "moral" na "immoral", "fair" na "unfair". Kuwa makini pia na majirani wanaofanana sura. "Principle" ni msimamo wako wa maisha, "principal" ni mkuu wa shule au chuo. "Conscience" ni dhamiri inayokusuta, "conscious" ni mwenye fahamu.

Mwenye hamu zaidi asome Julius Caesar ya Shakespeare sambamba na tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kwenye mazishi ya Kaizari, yaani Caesar, rafiki yake Antony anamsifu Brutus kuwa ni "honourable", mtu wa heshima. Anarudia na kurudia, huku Kaizari amelala mbele yao, ameuawa na huyohuyo Brutus na wenzake. Mwishowe umati hauiamini tena sifa hiyo. Sifa isiyo na tendo nyuma yake haisimami.

Ndiyo maana nawasihi, mkienda kwenye usaili msiishie kwenye "I am honest and hardworking". Kila mwombaji ameandika hivyo. Sema ulichofanya: "I kept the cash book for our group, and every shilling was there." Sentensi hiyo ni fupi, maneno yake ni mepesi, na anayekusikiliza atakuamini.

Kazi ya wiki hii: chagua mtu mmoja wa nyumbani kwenu, mama, babu, shangazi au kaka. Andika sentensi tano za Kiingereza juu ya jambo jema alilolifanya, na ya sita itaje sifa yake. Mpe mwalimu wako akusahihishie, kisha isome kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Fanya hivyo kila wiki kwa mtu mwingine, na utakapoitwa kusema neno la kumtetea mtu, utakuwa nalo.